Hotuba juu ya Kuchagua Risiva ya Sinema ya Nyumbani

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa machifu, wazee na waalimu, nasi tumeyaandika kama yalivyosemwa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.



Tumeombwa tuseme machache juu ya chombo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi zilizofikiwa na umeme, nacho ni ile mashine ipokeayo sauti kutoka katika televisheni au deki, ikaikuza, kisha ikaigawanya kwa spika tano au zaidi, ili mtu akae nyumbani kwake asikie sinema kama aliyekaa katika jumba la sinema mjini. Wenye maduka huiita risiva. Yafaa tueleze tangu mwanzo kwamba hatusemi habari za king'amuzi kile kiletacho picha kutoka katika dishi, ingawa wengine hukiita kwa jina hilo hilo. Risiva tunayoisema sisi haina picha yake yenyewe. Kazi yake ni sauti.

Huenda mtu akauliza, Je, mkutano wa watu wazima kama huu una haja gani na chombo cha starehe? Jibu letu ni kwamba fedha inayopotea katika starehe ni fedha ile ile ambayo ingalilipa karo ya mtoto, na sisi tunaosema hapa tulipoteza fedha yetu kwa kutojua kusoma kibandiko kimoja kilichokuwa nyuma ya mashine. Basi tutaanza na habari hiyo.

Tulikuwa waalimu sita tukikaa katika nyumba za shule, tukachanga shilingi 28,000 tununue sauti nzuri kwa chumba chetu cha mapumziko. Pamoja nasi alikuwapo mzee mmoja, mwalimu aliyekwisha kustaafu, ambaye hupenda sana sinema, walakini masikio yake yamepungua nguvu. Tulikwenda mjini, na katika duka moja tukaonyeshwa sanduku kubwa lililoandikwa kwa tarakimu nene, WATI 1000. Ndani yake mlikuwa na risiva, spika tano na sabufa, vyote pamoja. Hatukuuliza swali lo lote. Nani atakayeuliza swali mbele ya wati elfu moja? Tulilipa, tukarudi kwa furaha.

Usiku ule tukatazama sinema. Milipuko ilisikika vizuri, na magari yalinguruma hata madirisha yakatetemeka. Lakini kila watu wa sinema walipofungua vinywa, mzee wetu alitugeukia akauliza, “Wanasemaje?” Tukaongeza sauti. Milipuko ikazidi, maneno yakabaki pale pale. Aliuliza tena, na tena, kisha akaaga akaenda kulala kabla sinema haijafika nusu. Siku ya tatu tuligeuza mashine tukasoma kibandiko cha nyuma, tukakuta imeandikwa kwamba chombo hiki hutumia umeme wa wati 110.

Hapo ndipo tulipofahamu. Mashine haiwezi kutoa daima nguvu kuliko ile inayoingia ndani yake, kama vile ng'ombe asivyoweza kutoa maziwa mengi kuliko majani na maji aliyopewa. Ni kweli kwamba sauti ya sinema huja kwa vipindi, wakati mwingine juu, wakati mwingine chini, na mashine huweka akiba kidogo ya kutumia kwa nukta moja palipo mlipuko; walakini akiba hiyo haifanyi 110 kuwa 1000.

Wapataje basi hesabu ya 1000? Hupima njia moja tu ya sauti peke yake huku nyingine zimelala, tena kwa mlio mmoja tu ulio rahisi kwa mashine, tena huiacha sauti ichafuke hata sehemu kumi katika mia, jambo ambalo hata sikio la mzee hulisikia. Kisha huchukua hesabu ile wakaizidisha kwa idadi ya spika. Mambo haya si mapya. Mwaka 1974 Serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwa wauzaji wa vikuza-sauti vya nyumbani kwa sababu ya matangazo ya namna hii, ikawalazimisha wapime njia zote zinazohusika zikifanya kazi pamoja, na waseme ni kwa mzigo gani wa spika, kwa milio ya kutoka wapi hata wapi, na kwa uchafu kiasi gani. Nanyi mkiwa dukani ulizeni mambo hayo manne. Risiva ya kweli huandikwa katika kitabu chake maneno kama haya: wati 70 kwa kila njia, njia 2 zikifanya kazi, omu 8, tangu Hz 20 mpaka Hz 20,000, uchafu sehemu 0.08 katika mia. Hesabu hiyo ya 70 ni ndogo machoni, lakini ni nguvu kuliko ile elfu yetu.

Tena wati zenyewe si jambo kubwa kama watu wadhanivyo, na hapa twaomba mtuvumilie kidogo. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mtu akizidisha wati mara mbili, kutoka 50 mpaka 100, huongeza desibeli 3 tu, na sikio husema, Naam, imezidi kidogo. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa maradufu, zahitajiwa desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo mtu anayeongeza shilingi elfu nyingi ili apate risiva ya wati 90 badala ya 70 amenunua tofauti ambayo hataisikia.

Ataisikia tofauti wapi? Katika spika. Spika nzuri huandikwa desibeli inazotoa mtu akiwa mbali nayo mita 1 na ikipewa wati 1. Nyingine hutoa 85, nyingine 91. Tofauti ni 6, nayo ni sawa na kuwa na risiva yenye nguvu mara nne, bila kulipia umeme zaidi. Hebu fikirini: mtu akizungumza nawe kwa utulivu, sauti yake ni kama desibeli 60. Spika ya desibeli 88 kwa wati 1 tu yatosha kujaza chumba cha kawaida hata watu wakainua sauti ili wasikizane. Nguvu nyingine zote ni akiba ya milipuko na ngoma.

Kwa sababu hiyo sisi huwashauri watu wagawanye fedha yao mafungu matatu, fungu moja kwa risiva na mawili kwa spika. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa risiva ina taa na vifungo vingi nayo yapendeza kutazamwa. Na kama fedha haitoshi kwa spika tano, nunueni mbili zilizo njema. Risiva yaweza kuambiwa kwamba spika ni mbili tu, nayo itakusanya sauti zote tano na kuzitia katika hizo mbili, wala hakuna neno litakalopotea. Mwaka wa pili mtaongeza ya katikati, na mwaka wa tatu za nyuma. Sanduku lile tulilolinunua sisi halikuwa na njia ya namna hiyo, maana spika zake zilikuwa na vichwa vya waya vya pekee visivyoingia katika mashine nyingine, na mzigo wa omu 3 ambao risiva nyingi haziuwezi. Kilipoharibika kimoja, vyote vilikuwa takataka.

Tumetaja omu. Alama yake ni herufi ya Kiyunani, Ω, nayo huandikwa nyuma ya spika na nyuma ya risiva. Omu zikiwa chache, spika huvuta umeme mwingi zaidi kutoka kwa mashine. Risiva nyingi za bei nafuu zimeandikwa zichukue omu 6 mpaka 16. Mkizifungia spika za omu 4 na kuzipandisha sana, risiva itapata moto na kujizima yenyewe. Na hiyo ni ile yenye bahati.

Sasa turudi kwa mzee wetu na swali lake, kwa maana ndilo lililotufundisha mengi. Katika sinema iliyotengenezwa kwa njia tano, maneno ya watu karibu yote hupita katika spika ya katikati, ile ikaayo chini ya televisheni. Za kushoto na kulia huchukua muziki na mambo yapitayo, za nyuma huchukua mvua, ndege na vishindo vya mbali, na sabufa huchukua ngurumo peke yake. Katika masanduku ya bei nafuu spika ile ya katikati, iliyobeba kazi kubwa kuliko zote, hufanywa ndogo kama kopo la maziwa. Basi mtu akienda dukani na aanze na hiyo. Tena asikubali kuonyeshwa milipuko. Aombe sinema yenye watu wawili wanaozungumza taratibu chumbani, kisha apunguze sauti, asiongeze, na asikilize kama maneno yangali yakieleweka. Muuzaji atashangaa, lakini fedha ni ya mnunuzi.

Baada ya hasara ile tulikaa miezi mingi, kisha tukachanga tena, safari hii shilingi 15,000 tu, tukatafuta risiva iliyokwisha tumiwa. Hatuoni aibu kusema hivyo. Sehemu ya risiva ikuzayo sauti haizeeki upesi kama simu. Kinachobadilika kila mwaka ni matundu ya nyuma na majina ya mitindo mipya. Tangu mwaka 2009 waya wa HDMI umeweza kurudisha sauti ya televisheni katika risiva, na tundu la namna hiyo huandikwa ARC. Ni jambo jema, maana waya mmoja hutosha. Lakini risiva ya zamani isiyo na tundu hilo yaweza kupokea njia zote tano na sabufa kwa waya wa mwanga, ule wenye ncha nyekundu, ikiwa televisheni yenyewe inakubali kuzitoa, maana nyingine hutoa mbili tu. Jaribuni kabla ya kulipa.

Kuna na mtindo uitwao Atmos, ulioanza katika majumba ya sinema mwaka 2012 na kuingia nyumbani mwaka 2014, ambao huleta sauti kutoka juu ya kichwa. Wauzaji watawasifia sana. Spika zake za bei nafuu hurusha sauti juu ili igonge dari tambarare na kurudi chini. Sisi wengi hatuna dari, tuna mabati yaliyoinama, na sauti ikienda huko haitarudi ilikotumwa. Liacheni jambo hilo kwa sasa.

Ama hatari kubwa ya risiva iliyokwisha tumiwa ni hii, nayo twaomba isikiwe na kila mtu. Umeme wetu hapa Kenya ni wa volti 240, na wa jirani zetu Tanzania ni volti 230. Umeme wa Marekani ni volti 120, na wa Japani ni volti 100. Mashine nyingi zinazoletwa na ndugu zetu waishio Marekani, au zinazoshuka katika makontena, zimetengenezwa kwa umeme wa huko. Fundi hukata kichwa cha waya, akatia kingine chenye pini tatu, na kwa macho haina kasoro. Itieni ukutani, na kwa kufumba na kufumbua mtaona moshi. Tulimwona kijana mmoja ambaye risiva yake, zawadi ya kaka yake, iliishi muda mfupi kuliko chai iliyokuwa mbele yake.

Basi kabla ya jambo lo lote, geuza mashine, tafuta mahali palipoandikwa herufi V. Ikiwa ni 220–240V, au 230V, ni salama. Ikiwa ni 120V au 100V peke yake, ama iache, ama uhesabu katika bei yake gharama ya transfoma ya kupunguza umeme, iliyo na wati nyingi kuliko zile zilizoandikwa nyuma ya risiva. Chache zina swichi ndogo ya kubadili volti. Itazame imeelekea wapi kabla ya kuwasha. Sisi tulipopata risiva yetu tulisoma kibandiko kile mara tatu, kila mmoja kwa zamu, hata muuzaji akacheka.

Yako na mambo mengine ya kutazama. Iwasheni muda wa nusu saa, mweke mkono juu yake na kunusa. Joto ni desturi yake, harufu ya kuungua si desturi yake. Zungusheni kifungo cha sauti polepole, msikie kama kinakwaruza. Risiva nyingi zina mlio wao wa kujipima, ufananao na upepo, ambao hupita spika moja baada ya nyingine. Ukiruka moja, njia hiyo imekufa. Ulizeni rimoti iko wapi, maana bila rimoti risiva nyingine haziwezi kupangwa. Ulizeni pia maikrofoni yake ndogo. Hiyo huwekwa mahali pa kuketi, na mashine hupiga milio, ikapima kila spika iko mbali kiasi gani, kisha ikasawazisha yenyewe. Wengi huiacha ndani ya sanduku mpaka inapotea, wakati ndiyo kitu ambacho kingewafaa kuliko wati 20 zaidi.

Waya wa spika msinunue wa bei kubwa. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5, wauzwao kwa mafundi wa umeme, watosha kwa mita 10. Jambo la maana ni kwamba alama ya kujumlisha ifungwe kwa kujumlisha, na ya kutoa kwa kutoa. Spika moja ikigeuzwa, sauti nzito hupotea, na mtu atailaumu risiva bure.

Chumba nacho ni nusu ya sauti. Nyumba zetu zina sakafu ya simenti, kuta tupu, na juu mabati. Pigeni makofi mara moja katikati ya chumba. Ikiwa mlio unatetemeka kabla ya kufa, maneno ya sinema nayo yatatetemeka vile vile. Tandikeni zulia au mikeka minene mbele ya spika, wekeni pazia zito dirishani, na kabati la vitabu vilivyojaa kwenye ukuta wa nyuma. Sisi tulitandika blanketi la zamani sakafuni, na mzee wetu akasema kwamba mashine imetengenezwa, ingawa hatukuigusa. Spika mbili za mbele na kiti cha msikilizaji zifanye pembetatu yenye pande sawa. Ile ya katikati ielekezwe masikioni, isielekezwe magotini. Za nyuma ziwe ubavuni, nyuma kidogo ya watu. Sabufa ikiwekwa pembeni mwa chumba hunguruma zaidi, lakini ngurumo yake huvimba na kufunika maneno. Isogezeni mbali na pembe. Risiva ikiuliza sabufa ianzie wapi, jibuni 80 Hz.

Mvua ikinyesha juu ya mabati, hapana risiva duniani itakayoishinda. Zimeni, mnywe chai.

Liko jambo moja la ulinzi. Acheni nafasi ya shubiri moja juu ya risiva, wala msiifunike kitambaa cha kufuma, ingawa kina maua mazuri, kwa sababu hupumua kwa matundu ya juu. Umeme ukikatika, chomoeni waya wake ukutani, maana unaporudi huja kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kiuacho mashine nyingi. Kabla radi haijaanza, chomoeni waya wa umeme na waya wa antena pia. Watu hukumbuka wa kwanza wakasahau wa pili.

Risiva yenyewe tumeileta, iko pale mezani, tumeigeuza mgongo kuelekea kwenu. Mzee wetu ameketi karibu nayo, naye atawaonyesha mahali palipoandikwa volti, na omu, na wati inazotumia. Mwenye swali na aulize, na mwenye yake nyumbani ambayo hajapata kuisoma nyuma, na aandike namba zake katika karatasi, atuletee Jumamosi ijayo, tuzisome pamoja kabla hajaiwasha.